Maumivu ya shingo yasiyoisha: Ni wakati gani mzigo hauwezi kulaumiwa tena?

Dumu la manjano la lita 20, likijaa maji, lina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Katika vitongoji vya Jinja, kando ya Ziwa Victoria, na katika njia za vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, uzito huo hupandishwa kichwani kila siku, na wanaoubeba mara nyingi ni wanawake na watoto. Si ajabu basi kwamba mkazi wa mashariki mwa Uganda anaposema shingo inamuuma, jibu analopewa nyumbani huwa limeshaandaliwa: ni mzigo.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi, au linaukaribia usahihi. Tatizo ni kwamba hilohilo hupewa pia mtu mwenye kifua kikuu cha mifupa ya shingo, mzee ambaye vidole vyake vimeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, na mwendesha bodaboda aliyeanguka wiki mbili zilizopita akainuka na kuendelea na safari. Wote hao huanza na lalamiko moja. Kinachowatofautisha si ukali wa maumivu, bali ni mambo yanayoambatana nayo, na mambo hayo mtu anaweza kuyatambua mwenyewe kabla hajafika hospitalini.

Maumivu sugu ni yapi?

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la kitabibu la The Lancet Rheumatology yanaonyesha kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, na kwamba wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume.

Shingo ina pingili saba, na juu yake hukaa kichwa chenye uzito wa kilo nne hadi tano. Kati ya pingili nyingi kuna diski, yaani vitu laini vinavyofanya kazi kama mto wa kupunguza mtikiso. Katikati, ndani ya mfereji wa mifupa, hupita neva kuu, ile kamba nyororo inayounganisha ubongo na mwili mzima; matawi yake hutoka pembeni na kwenda mabegani, mikononi na vidoleni. Ndiyo maana hitilafu ndogo shingoni inaweza kusikika kama ganzi kwenye kidole gumba, na mgonjwa asiambatanishe mambo hayo mawili kabisa.

Kwa watu walio wengi, maumivu hutoka kwenye misuli, viungo vidogo vya pingili au diski, na hakuna kipimo kitakachoonyesha kwa kidole mahali pamoja palipoharibika. Madaktari huyaita maumivu yasiyo na chanzo mahususi. Jina hilo huwaudhi wagonjwa, kwani husikika kana kwamba wanaambiwa hawaumwi. Maana yake ni tofauti: maumivu ni ya kweli, lakini hayatokani na ugonjwa unaoharibu mfupa au neva, na kwa hiyo shingo hiyo inaweza kutumiwa bila hofu.

Mzigo wa kichwani: sayansi inasema nini?

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya wakati wakitembea na mizigo, na kugundua kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Tangu hapo utafiti huo umekuwa ukitajwa kama ushahidi kwamba mwili wa mwanamke wa Afrika Mashariki umezoea mzigo na hauudhiki.

Hitimisho hilo linavuka mipaka ya utafiti wenyewe. Kwanza, kilichopimwa ni nguvu inayotumika, si hali ya viungo vya shingo. Pili, kuna hesabu rahisi: kwa mwanamke mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Dumu lililojaa ni theluthi nzima ya uzito wake. Kwa msichana wa kilo 40 ni nusu.

Watafiti waliowalinganisha wabebaji wa mizigo kichwani nchini Sierra Leone na watu wasiobeba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, walikuta dalili za kuchakaa kwa pingili za shingo zikiwa nyingi zaidi kwa wabebaji. Na huko Bangladesh, ambako wapagazi hubeba mizigo mizito kichwani, kuanguka na mzigo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za majeraha ya uti wa mgongo yanayoleta kupooza. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Shingo iliyonyooka huvumilia vizuri uzito unaoshuka wima juu yake. Isichokivumilia ni uzito huo kuyumba ghafla mguu unapoteleza kwenye udongo uliolowa. Anayeteremsha mkungu wa matoke au gunia la kahawa kwenye miteremko ya Bugisu wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Wakati mwingine wa hatari ni ule wa kupandisha na kushusha. Mtu anayejitwika peke yake hupinda shingo upande mmoja huku uzito wote ukining'inia, na wengi husema maumivu yao yalianza hapo, si njiani. Kutwikwa na mwenzake, kutumia ngata nene ambayo Waganda huiita enkata, na kushusha mzigo kwa kuchuchumaa badala ya kuinama ni mambo ambayo bibi zao walifundishwa, na yana msingi wa kitabibu.

Kumwambia mwanamke anayeteka maji mtoni aache kubeba si ushauri. Ni kumfukuza kliniki kwa maneno ya adabu. Linalowezekana kwa mwenye maumivu ni kugawa mzigo kuwa madumu mawili ya lita kumi, ingawa safari itakuwa mara mbili, au kutumia baiskeli na toroli pale njia inaporuhusu. Kwenye mteremko wa Elgon mara nyingi njia hairuhusu. Katika hali hiyo kazi hiyo hubidi igawanywe upya ndani ya nyumba, na wanaume na vijana wa kiume wakibeba sehemu yao, jambo ambalo tabibu anaweza kulisema mbele ya mume kwa uzito ambao mke pekee hana.

Charahani, bodaboda na simu

Mzigo si sababu pekee. Fundi charahani anayekaa kibarazani Jinja tangu asubuhi, kichwa kimeinama juu ya kitambaa, hushikilia shingo katika mkao mmoja kwa saa nyingi. Ndivyo ilivyo kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, kwa mkata miwa katika mashamba ya Kakira, kwa karani na kwa mwanafunzi. Mwendesha bodaboda hupata mtikiso wa barabara mbovu siku nzima, mabega yameinuliwa juu bila yeye kujua.

Kuhusu simu, kuna takwimu inayozunguka mitandaoni kwamba mtu akiinamisha kichwa kwa nyuzi 60, shingo yake hubeba kilo 27. Takwimu hiyo ilitolewa mwaka 2014 na daktari mmoja wa upasuaji nchini Marekani, na ilitokana na hesabu ya kompyuta, si vipimo vilivyochukuliwa kwa watu. Haithibitishi kwamba simu inaharibu shingo. Kinachokubalika zaidi ni kwamba hakuna mkao mmoja ulio sumu. Shingo huchoshwa na kukaa katika mkao uleule muda mrefu, hata ule unaoitwa mzuri. Fundi anayesimama kila nusu saa na kuzungusha mabega anafanya la maana kuliko anayenunua kiti cha bei ghali.

Usingizi mbaya, huzuni na wasiwasi navyo huongeza maumivu na kuyafanya yadumu. Hili husemwa kwa tahadhari, maana mgonjwa husikia kwamba maumivu yake ni ya kufikirika. Si hivyo. Mfumo wa neva wa mtu asiyelala, anayedaiwa ada ya shule au aliyefiwa, hupokea ishara ileile ya maumivu kwa sauti kubwa zaidi.

Picha ya eksirei inapomtisha mgonjwa

Wengi wanaofika hospitalini huomba eksirei kabla ya jambo lolote, na wengi hutoka na karatasi inayosema pingili zimechakaa. Kwa mgonjwa huo ni kama waraka wa hukumu. Anaacha kulima, anaacha kubeba mtoto, anaogopa hata kugeuza kichwa.

Watafiti wa Japani waliwapiga picha za sumaku watu 1,211 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya shingo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Asilimia 87.6 kati yao walikuwa na diski zilizotokeza nje ya mahali pake. Kuchakaa kwa pingili, kwa sehemu kubwa, ni kama mvi: huja na umri, na kuwapo kwake hakuelezi peke yake kwa nini mtu anaumwa leo. Hivyo, kwa mgonjwa asiye na dalili za hatari zitakazoelezwa hapa chini, picha haibadilishi matibabu, na fedha zake zina matumizi bora.

Kinachosaidia kweli

Maumivu mapya ya shingo, yasiyo na dalili za hatari, hupungua kwa watu wengi ndani ya wiki chache. Katika muda huo ni vyema kuendelea na shughuli nyepesi, kuweka kitambaa chenye joto, na kugeuza shingo taratibu kila upande mpaka pale maumivu yanapovumilika. Kulala chali au ubavu, kwa mto mmoja usiopandisha kichwa sana, ni bora kuliko kulala kifudifudi. Kola ya shingo inayovaliwa kwa wiki nyingi bila agizo la daktari hudhoofisha misuli na kuurefusha ugonjwa.

Kwa maumivu yaliyokwisha kuwa sugu, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini kwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi ya nguvu au ya ustahimilivu wa shingo walipata nafuu kubwa kuliko walioambiwa wajinyooshe na kutembea tu. Nchini Denmark, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hata dakika mbili kwa siku za kuvuta mpira wa mazoezi, kwa wiki kumi, zilipunguza maumivu ya shingo na mabega.

Mpira huo wa mazoezi hauhitaji kununuliwa mjini. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu hufanya kazi hiyohiyo. Mtu husimama katikati yake, hushika ncha mbili, kisha huinua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega na kuishusha polepole. Zoezi jingine ni kurudisha kidevu nyuma, kama anayejitengenezea kidevu cha pili, kukishikilia kwa sekunde tano, na kurudia mara kumi. Siku za kwanza misuli huuma kidogo, na hiyo si ishara ya kuumia. Nafuu huhesabiwa kwa wiki, si kwa siku, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Dawa zina nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ibuprofen au diclofenac kwa siku chache zinaweza kumsaidia mtu aanze kujongea. Zikimezwa kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na hupandisha shinikizo la damu. Mwenye umri mkubwa, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito hawapaswi kuzitumia bila kushauriwa.

La kuogopwa zaidi ni vidonge mchanganyiko vinavyofungwa pamoja kwenye karatasi bila jina katika baadhi ya maduka ya dawa. Ndani yake huweza kuwamo prednisolone au dawa nyingine ya jamii hiyo. Mgonjwa hupata nafuu ya ajabu kwa siku tatu, hurudi kununua, na kwa muda mrefu mifupa hudhoofu, sukari hupanda na kinga ya mwili hushuka. Kama maumivu yalikuwa ya kifua kikuu, dawa hiyo imeupa ugonjwa nafasi ya kusambaa huku ikiificha homa.

Kukandwa misuli kwa mkono laini hakuna ubaya na huburudisha. Kuvutwa kichwa na kuzungushwa kwa nguvu mpaka shingo ialike ni jambo jingine. Mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo hupita ndani ya pingili hizo, na ikichanika mtu anaweza kupata kiharusi. Kuchanjwa chale shingoni kwa wembe hakutibu chochote kilichotajwa katika makala haya, na wembe wenyewe huweza kuleta pepopunda au maambukizi ya virusi.

Mikono na miguu ndiyo ya kuangaliwa

Dalili inayopuuzwa kuliko zote haina maumivu makali. Neva kuu inapobanwa shingoni, iwe na diski au na mifupa iliyoota kwa sababu ya umri, mgonjwa huanza kuwa mzito wa vidole. Anadondosha kikombe. Hawezi kufunga kifungo, kuchambua maharage au kuandika jina lake kama zamani. Miguu inakuwa migumu, anayumba gizani, anajikwaa mahali palipo sawa. Shingo yenyewe inaweza kuwa inauma kidogo tu, na ndugu husema ni uzee.

Huo si uzee. Ni hali inayoendelea kuwa mbaya, mara nyingine kwa hatua za ghafla, na upasuaji wake kwa kawaida hulenga kuzuia isiendelee. Kilichopotea kwa muda mrefu huenda kisirudi. Mtu mwenye dalili hizo anahitaji rufaa ndani ya siku, si miezi. Akishindwa kuuzuia mkojo au choo, au kushindwa kukojoa, au miguu ikipoteza nguvu, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Tofauti yake na neva ndogo iliyobanwa pembeni ni muhimu. Hiyo huleta maumivu makali kama umeme yanayoshuka mkono mmoja, pamoja na ganzi. Inatisha zaidi, lakini kwa walio wengi hupoa yenyewe katika wiki au miezi michache. Daktari huhitajika haraka iwapo mkono unapoteza nguvu. Hapa panaonekana waziwazi jinsi ukali wa maumivu unavyoweza kumpotosha mgonjwa: anayelia huenda akapona nyumbani, na asiyelia huenda ndiye anayeelekea kupooza.

Kifua kikuu kisicho na kikohozi

Mwaka 1779 daktari wa upasuaji wa Kiingereza, Percivall Pott, alieleza ugonjwa wa uti wa mgongo unaoambatana na kupooza kwa miguu, ambao leo unajulikana kuwa kifua kikuu cha mifupa. Uganda bado ina mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ingawa aina hii hushambulia zaidi sehemu ya kati na ya chini ya mgongo, shingo haikusalimika.

Mgonjwa huumwa kwa wiki au miezi, usiku na mchana, na kupumzika hakumpi nafuu. Hupungua uzito, hupata homa ndogo za jioni na kutokwa jasho usiku. Shingo hukakamaa, na baadhi ya wagonjwa hushika kidevu kwa mkono wanapogeuka au kuinuka kitandani. Wengi hawakohoi kabisa, na hilo huwapumbaza wao na hata wanaowahudumia. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, hasa asiyetumia dawa, na kwa aliyewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu.

Ugonjwa huu hutibika kwa dawa, ambazo Uganda hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, ingawa matibabu ya mifupa huchukua muda mrefu kuliko ile miezi sita ya kifua kikuu cha mapafu. Akianza dawa kabla miguu haijaguswa, mgonjwa ana matumaini makubwa ya kubaki akitembea. Saratani iliyosambaa hadi kwenye mfupa huleta picha inayofanana na hii, kwa hiyo aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, tezi dume au nyingine yoyote hapaswi kungoja miezi mitatu ipite ndipo aseme shingo inauma.

Yasiyongoja kesho

Homa, kichwa kuuma sana na shingo iliyokakamaa kiasi kwamba kidevu hakigusi kifua ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili, ugonjwa huo unaweza kuja polepole, kichwa kikiuma kwa wiki mbili au tatu kabla shingo haijakakamaa. Taya zinazogoma kufunguka pamoja na shingo ngumu, hasa baada ya kidonda, huashiria pepopunda.

Maumivu ya ghafla yasiyo na mfano, yanayoambatana na kizunguzungu, kuona viwiliviwili, uso kulegea au ulimi kuwa mzito, yanaweza kuwa ya mshipa wa damu uliochanika. Na maumivu ya shingo na taya yanayokuja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata huenda yanatoka moyoni.

Kuna hali moja inayotisha kuliko ilivyo hatari, na ambayo imewapeleka wengi kwa waganga wa pepo kabla ya hospitali. Kijana aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, au dawa za akili kama haloperidol na chlorpromazine, anaweza ndani ya saa au siku chache kupindwa shingo upande mmoja, macho yakipanda juu. Ni athari ya dawa. Sindano inayofaa humrudisha katika hali yake kwa muda mfupi, ilimradi anayempokea aambiwe alikunywa nini.

Kwa mtoto, shingo iliyopinda pamoja na homa, udenda na kushindwa kumeza ni dalili ya usaha nyuma ya koo, na hapaswi kukaa nyumbani usiku mmoja zaidi.

Ajali ina kanuni yake. Baada ya pikipiki kuanguka au mtu kuporomoka kutoka mwembeni, majeruhi huinuliwa mara moja na kubanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Ni huruma, lakini pingili iliyovunjika bila kuhama inaweza kuhama hapo, na mtu aliyekuwa akichezesha vidole vya miguu akafika hospitalini hawezi tena. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, alazwe palepale, mtu mmoja akishika kichwa kwa mikono miwili kikiwa sambamba na mwili, mpaka lipatikane gari ambalo atalazwa juu ya ubao au mlango. Na aliyeinuka mwenyewe baada ya kuanguka, lakini siku zinazofuata shingo ikaendelea kuuma katikati, juu ya mfupa wenyewe, anahitaji picha. Kwake eksirei ni ya lazima.

Pa kuanzia Jinja na Mbale

Nchini Uganda ngazi ya kwanza ni mhudumu wa afya wa kijiji, kisha vituo vya afya vya daraja la pili hadi la nne. Cha daraja la nne hutarajiwa kuwa na daktari. Juu yake ni hospitali za wilaya, halafu hospitali za rufaa za kanda. Ile ya Jinja huwahudumia hasa watu wa Busoga, na ile ya Mbale huwahudumia wa Bugisu, Bukedi na Sebei. Malipo ya matibabu katika vituo vya serikali, isipokuwa wodi za kulipia, yalifutwa mwaka 2001, ingawa mgonjwa anashauriwa kujiandaa kwa nauli na kwa dawa ambazo huenda zisipatikane siku hiyo.

Mbale pia kuna hospitali ya CURE, inayojulikana duniani kwa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Sifa hiyo huwaleta watu wazima kutoka mbali, lakini hospitali hiyo ni ya watoto. Mtu mzima anayehitaji upasuaji wa uti wa shingo kwa kawaida hupewa rufaa kwenda Mulago, Kampala. Safari ya huko kutoka Mbale, kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja, huzidi kilomita 200. Asiyesimama imara asisafirishwe kwa kukaa katika gari la abiria. Aombe kulazwa na kushikiliwa shingo, na barua ya rufaa ieleze nguvu za mikono na miguu zilivyokuwa wakati wa kuondoka, ili watakaompokea wajue kama amebadilika njiani.

Asiye na dalili za hatari, lakini amezidi wiki sita bila nafuu au ameshindwa kufanya kazi zake, aanzie kituo cha karibu na aombe kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye hupatikana katika hospitali za rufaa za kanda. Aende na pakiti za dawa zote alizokwisha kumeza, zikiwemo zile za kwenye karatasi, na aeleze mambo manne bila kungoja kuulizwa: maumivu yalianza lini, kama yanamwamsha usiku, kama uzito wake umepungua, na kama vidole na miguu bado vinamtii. Tabibu asipomgusa mikono wala kumwomba atembee hatua chache, mgonjwa ana haki ya kuomba afanyiwe hivyo. Uchunguzi huo huchukua dakika tano na hauhitaji mashine yoyote.